Nzi wa Mwisho wa Sekhonyana

Jua halijavuka bado mgongo wa mlima, na majani ya kando ya mto Letlapeng yana barafu nyembamba inayovunjika chini ya viatu. Nkopane Lesaoana anamfunga farasi wake kwenye jiwe, anajiviringisha blanketi lake la kahawia, halafu anachuchumaa na ufito wake wa kuvulia mkononi. Hatupi mshipi. Anayatazama maji tu.

Kwenye ukingo wa kofia yake amechomeka nzi mmoja wa nyuzi, mdogo, mwenye ndoana iliyofichwa ndani ya sufu. Akielea juu ya maji, samaki waitwao trauti humdhania mdudu wa kweli, wakamrukia.

"Huyu ndiye wa mwisho," anasema Nkopane. "Alifungwa kwa mkono wa Sekhonyana. Samaki akikata mshipi akaenda naye, basi, mkono wa Sekhonyana umekwisha duniani."

Sekhonyana alikuwa rafiki yake. Walijuana mgodini, upande wa Afrika Kusini, wakarudi nyumbani pamoja. Siku waliyotoka huko walinunua mablanketi mawili, duka moja, rangi moja. Nkopane alirudi na kifua kizima. Mwenzake alirudi na vumbi kifuani.

Kwa miaka kumi na tatu waliwaongoza wageni wanaokuja kuvua trauti. Nkopane aliyasoma maji, akajua samaki amelala wapi. Sekhonyana alileta nzi; sufu yao, alisema, aliikata kwenye blanketi lake. Jioni waliwasha moto kando ya jiwe bapa la mto huu, wakachoma samaki, wakabishana hadi mmoja asinzie.

"Mara nyingi nilikuwa mimi," Nkopane anasema. "Yule bwana alikuwa anaongea kama redio."

Majira ya baridi ya mwaka jana kifua kilimshinda Sekhonyana. Baada ya maziko nguo zake ziligawiwa ndugu, na blanketi likaenda kwa mjomba wake, ng'ambo ya milima. Nkopane si wa damu, hivyo hakutarajia kitu. Alibaki na nzi huyo kofiani.

Msimu wa kuvua ulipofunguliwa, alijaribu nzi wa dukani. "Trauti walikuja, wakamnusa, wakageuka. Kama watu waliokaribishwa chai isiyo na sukari." Akaacha. Mwaka mzima farasi wake amebeba magunia ya unga.

"Mtoni nilikuwa napata pesa, maloti mia tatu kwa siku. Kwa gunia moja napewa ishirini, na farasi mwenyewe ananinunia."

Sasa msimu umefunguliwa tena, na mwenye nyumba ya wageni amemwambia neno moja tu: Jumamosi wanakuja wageni. Nkopane asiposhuka nao mtoni, kazi anapewa mtu mwingine moja kwa moja.

"Shemeji!" sauti inaita kutoka kwenye kijia. "Unavua au unasali?"

Ni 'Mathakane, mjane wa Sekhonyana, anashuka na ndoo ndogo ya uji mchachu. Wiki iliyopita alivuliwa nguo nyeusi za msiba. Leo amejifunga kitambaa cha njano kichwani, na kijiji kizima kimeshakisema.

"Nasali," Nkopane anajibu. "Naomba kelele zako zisinifukuzie samaki."

"Samaki gani? Hao wanaokufa kwa uzee wakikungoja?"

Anaketi, anammiminia uji kikombeni. Macho yake yanakwenda kwenye kofia. Anamnyooshea nzi kidole.

"Huyo unamtunzia nini?"

"Unajua, shemeji. Ni mkono wa mumeo."

"Wa nani? Sekhonyana? Yule aliyekuwa anashindwa hata kufunga kamba ya kiatu?" Anatikisa kichwa. "Huyo nimemfunga mimi. Na wote waliomtangulia."

Nkopane anakiweka kikombe chini.

'Mathakane anaeleza bila haraka. Mumewe aliona haya. Alisema wanaume wakijua kwamba nzi wake wanafungwa na mke, hatakaa tena kwenye pombe kwa amani. Akamwapisha. Alipofariki, ukoo wake haukumruhusu mjane kushika kazi ya mikono mpaka nguo nyeusi zitoke.

"Nikasema zikitoka nguo, na siri itoke," anasema. "Siwezi kukutazama unakauka hapa kama kiatu kilichosahaulika juani."

"Lakini sufu ilikuwa ya blanketi lake," Nkopane anabisha. "Na blanketi liko kwa mjomba."

Hapo 'Mathakane anashindwa kujizuia, anacheka. "Geuza pindo la blanketi lako."

Nkopane anageuza. Upande wa nyuma pindo limeliwa, hapa limeingia ndani, pale limetoka.

"Panya," anasema polepole. "Aliniambia ni panya."

"Panya mwenye mkasi. Wewe unakoroma kando ya moto, yeye anakata. La kwake hakuligusa hata siku moja. Alisema usiku ni baridi."

Nkopane anainamisha kichwa. Mabega yake yanatikisika, na kwa muda haijulikani kama analia. Halafu kicheko kinamtoka hadi farasi anainua masikio.

"Mwizi! Miaka kumi na tatu! Na sumu ya panya nilinunua, akanisaidia kuitega!"

Anapangusa macho kwa pindo hilo hilo. Anamchomoa nzi kofiani, anamfunga kwenye mshipi, anasimama. Anamrusha kwenye kivuli cha jiwe bapa, mahali walipozoea kukaa.

Maji yanapasuka. Ufito unapinda, mshipi unalia, unakimbia huku na huku, kisha unalegea ghafla. Umekatika.

'Mathakane ameziba mdomo kwa mkono. Nkopane anauvuta mshipi mtupu, anaitazama ncha yake.

"Alikuwa mkubwa?" shemeji yake anauliza kwa sauti ndogo.

"Kama uongo wa mumeo."

Wanacheka tena, safari hii wote wawili. 'Mathakane anasema anataka nzi wake wauzwe pale nyumba ya wageni, na wageni waambiwe nani amewafunga. Akipata soko, atamfundisha na binti yake, Thakane. Nkopane anasema atawatangaza mwenyewe, hata kwenye pombe, na atakayecheka akavue kwa nzi wa dukani.

"Lakini Jumamosi nawataka ishirini," anaongeza.

"Ishirini? Kwa sufu ya blanketi hilo, utarudi kwako umevaa uzi mmoja."

Tayari ametoa mkasi kwenye aproni. Alikuja nao. Nkopane analivua blanketi, anatetemeka kwa baridi, analitandaza juu ya jiwe bapa na kulivuta likaze. Mjane anaupeleka mkasi kwenye pindo lililoliwa.

"Hapana," Nkopane anamshika mkono. "Kata upande wa mbele. Wa nyuma mwachie Sekhonyana."