Fundi anayelitunza tundu alilolitoboa mwenyewe

Saa moja asubuhi Gernot Wiesner amepiga magoti mbele ya ukuta, anausugua kwa brashi ya waya taratibu kama mtu anayemsugua mtoto mgongo. Kando ya mfereji Berlin inaamka kwa baiskeli, mbwa na watu waliokumbatia mikate ya moto. Yeye hana habari nao. Saa tatu mhandisi anakuja kukagua, na tangu jana chakula hakimpiti kooni.

Gernot, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, ni mwashi. Kazi yake ni kuhakikisha kipande cha mita arobaini cha Ukuta uliowahi kuugawa mji huu hakianguki. Analipwa euro kumi na tisa kwa saa, na akifika kwenye kuutaja mshahara huo huanza kucheka peke yake.

"Ujanani niliuchimba uanguke," anasema. "Sasa nimezeeka, nalipwa usianguke. Mke wangu anasema serikali imeniweza."

Masharti ya kazi hii ni makali. Matundu yaliyochimbwa na wananchi miezi ile ya furaha baada ya mpaka kufunguliwa, wale waliobandikwa jina la vigong'ota, ndege watoboao miti, hayazibwi ovyo kwa kuwa ni historia. Fundi anaondoa kutu kwenye nondo, anazuia zege lisimeguke, basi. Siku zile mwenye nyundo alikuwa shujaa. Leo ukiukwaruza kwa ufunguo unatozwa faini.

Tundu moja, la ukubwa wa sahani, ndilo lililomkosesha raha. Barua ya ofisi ya jiji ilisema nondo zake zimeoza na ni bora lizibwe. Gernot akaomba wiki nne alitibu kwanza. Hakusema kwa nini. Alihofia kwamba wakijua, kazi watampa mwingine, kwa sababu tundu hilo ni la kwake.

Januari 1990 alikuwa kijana anayejifunza uashi upande wa Mashariki, na hiyo ilikuwa siku yake ya nne akigonga patasi mahali pale pale. Walinzi walishachoka kukataza. Mmoja hata alimshikia koti. Upande wa Magharibi, mtaa wa Kreuzberg, ambako familia za Kituruki ziliishi karibu kabisa na ukuta, binti aitwaye Nermin alikuwa akichokonoa vipande vya kuwauzia watalii. Alitumia bisibisi ya baba yake, bila ruhusa. Zege lililobaki katikati likamwagika, na mbele ya kila mmoja pakatokea jicho.

"Wewe, kagonge kwenu," Nermin akamwambia.

"Nipo kwetu," Gernot akajibu.

Nermin alicheka hadi bisibisi ikamkatikia humo humo ukutani. Miaka mitatu baadaye wakaoana. Baba yake Nermin, mzee Cevdet, alimkubali upesi mkwe wa Mashariki asiyejua hata kusalimia kwa Kituruki. Bisibisi ndiyo hajaisamehe. Kila sikukuu, nyama ikishaliwa, huiulizia.

Saa tatu kamili Bi Friederike Thoms, mhandisi, anafika na nyundo yake ndogo. Anagonga kuzunguka tundu huku ameinamisha kichwa, anasikiliza. Gernot ameshika mwiko usio na kazi yoyote. Mlio unatoka mkavu na mzima pande zote. Zege limeshika.

"Kazi safi, Bwana Wiesner," anasema, kisha anafungua faili lake. "Ila hili litataka kutibiwa kila mwaka. Matundu tunayo zaidi ya mia. Hili lina nini hata tulibembeleze?"

Gernot, ambaye huweza kukueleza habari za saruji saa nzima bila kuulizwa, anaanza kuufuta mwiko ulio safi.

"Unamwambia, Gernot, au nimwambie mimi?" Sauti inatoka ukutani.

Ni Nermin, yuko upande wa pili na chupa ya chai na mikate ya duara yenye ufuta, kama kila asubuhi kabla ya kufungua duka lake la ushonaji. Anasimulia yote kupitia tundu. Bi Thoms anasikiliza kwa subira ya mtu aliyezoea, kisha anamjibu kwa upole kwamba kila mkazi wa rika lao mjini hapa anadai ana tundu lake.

"Sawa," Nermin anasema. "Ingiza kidole, chini kushoto kwako. Polepole, kuna chuma."

Mhandisi anavua glavu, anapapasa, anatoa tochi. Ncha ya bisibisi ipo. Imesafishwa kutu, imezungushiwa zege jipya kwa uangalifu ambao hakuna sharti linaloudai. Anamgeukia Gernot, aliyeiva uso kwa haya, na anacheka hadi anauegemea ukuta, jambo ambalo haliruhusiwi.

Anaandika kwamba tundu libaki wazi, na ncha iingizwe kwenye orodha ya kumbukumbu za jiji kwa namba yake. Chai inapitishwa tunduni, kikombe baada ya kikombe, na chakula sasa kinampita Gernot vizuri sana. Anamaliza mikate mitatu.

Mpango wake ni wa Januari. Watamleta mzee Cevdet, mwenye miaka themanini na sita, na kiti chake na blanketi, aone ilipo mali yake.

"Ataitaka tu," Nermin anaonya. "Unamjua Baba."

"Hiyo sasa ni mali ya serikali," Gernot anasema, akikusanya vifaa. "Baba akiitaka, aandike barua. Na barua zote za ukuta huu zinaletwa kwangu."