Usichomoe kwenye Prizi

Siku mume wangu alipokufa, shangazi yake aliingia sebuleni kabla hata maiti haijafika kutoka hospitalini, akachomoa kila waya uliokuwa kwenye prizi za ukutani. Televisheni, ampli, redio ndogo ya jikoni, vyote. Kisha akavifunika kwa kitenge. Katika ukoo wao nyumba ya kilio haitoi sauti nyingine ila ya kulia na kusali, na kuzima kwa telekomandi hakutoshi: kile kitaa chekundu kikiwaka, kwao chombo bado kinaongea. Nilimwona akifanya. Nilikuwa nimelala kwenye godoro sakafuni, wanawake wamenishika mikono, sikuwa na nguvu hata ya kufumbua mdomo.

Mwenye kusema angekuwa marehemu mwenyewe. Alikuwa fundi wa sauti hapa Kimemi, mjini Butembo, na sheria yake nyumbani ilikuwa moja. "Muzime na telekomandi," alikuwa anatuambia, "lakini hapana kuchomoa mu prizi. Ile ampli ni ya zamani. Ikikaa sana bila kuran, inasahau kila kitu." Hiyo kuran, umeme wa Butembo, tunaijua wenyewe, kwa hiyo prizi ya ampli aliifungia betri na kuweka sahani ya jua juu ya bati, ili isilale njaa hata siku moja.

Ndani ya ampli hiyo aliweka masikio ya mama yake. Mama mkwe anaishi nasi tangu alipoacha shamba lake la Kasugho. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linasikia nusu: ukimwambia sahani, anasikia ahani. Basi mume wangu alimkalisha kwenye kiti chake, akashika kipaza sauti, akawa anamtajia maneno msimu mzima wa mvua. "Sahani. Mama, umesikia nini?" Alipunguza besi, akapandisha sauti nyembamba, akaleta maneno yote kwenye spika ya katikati. Mimi nilikuwa nachukia. "Sahani kila siku, na za kulia hatuna!" nilimwambia. Mpaka asubuhi moja mama alisikiliza misa ya redio tangu mwanzo hadi mwisho, akatuambia padri ameruka mstari wa somo. Tulicheka mpaka machozi. Mume wangu akaandika jina kwenye kioo cha ampli, mahali palipokuwa pameandikwa TUNER: akaandika MAMA.

Kilio kiliendelea. Wageni walipungua, ikapangwa misa ya kukimaliza, Jumapili, katika kanisa kubwa, nayo ingepita kwenye redio. Mama hangeweza kwenda kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Akaniita karibu na mkeka wake.

"Mutoto yangu, siku ya kuzika niliona tu midomo ya batu. Sikusikia kitu. Nataka nisikie padiri anaita jina yake."

Mwanamke huyo hajawahi kuniomba kitu tangu nimeolewa. Hata chumvi huichukua mwenyewe.

Nikafunua kitenge, nikachomeka. Kioo kikawaka: TUNER. Ampli ilikuwa imesahau. Nikaweka redio, ikanguruma kama kinu cha mihogo, besi tupu, na mama akaweka kiganja kwenye sikio lake la kushoto, akangoja. Kisha akakishusha.

"Acha tu," akasema. "Masikio yangu ilikwenda na yeye."

Kuanzia hapo akakataa chakula. Ugali unapoa, sombe ya majani ya muhogo inakauka, yeye anatazama ukuta. Nilibonyeza kila kitufe cha telekomandi ile. Nikapandisha, nikashusha, nikaharibu zaidi. Nililia kwa hasira, nikamtukana shangazi kimoyomoyo, nikamtukana na marehemu pia kwa kufa bila kuniachia hata neno moja juu ya mashine yake. Mfa maji haachi kutapatapa. Na katika kutapatapa ndipo nilikumbuka kwamba mipangilio ile aliwahi kuinakili kwenye kle, kile kidude cha kuchomeka nyuma ya ampli. Nilipindua duka lake lote. Hakikuwepo.

Nikampigia rafiki yake wa Mavivi, kule Beni, mfanyabiashara wa malori, kwa sababu walinunua ampli za aina moja siku moja.

"Shemeji, kle iko huku," akasema. "Iko nyuma ya ampli yangu. Alileta ya mama ili aanzie hapo, kisha anitengenezee ya kwangu."

"Na alitengeneza ya kwako?"

"Ile siku alianza."

"Akaandika juu ya ile ya mama?"

"Mimi siyuwe, shemeji. Mambo ya kle ilikuwa yake."

Alitaka kumpa dereva ailete. Nikakataa. Mjane hatoki mbali kabla kilio hakijaisha, lakini siku iliyofuata nilikwenda Beni bila kumuaga mtu. Barabara ile, kwa ajili ya waasi, hakuna anayeipita kwa raha. Kila mmoja ndani ya gari alikuwa anasali kwa namna yake, mimi nikisali juu ya kipande cha plastiki. Kwenye kizuizi askari alinitazama, mavazi meusi toka juu hadi chini.

"Mama, unaenda fanya nini Beni?"

"Kufuata masikio ya mama mukwe wangu."

Akaona huzuni imenipanda kichwani, akanipisha haraka.

Kule Mavivi, rafiki yake hakunipa kle papo hapo. Alinikalisha, mke wake akaleta chai, wote wawili wakainua mikono wakamwombea marehemu, na ndege ikapita juu yetu katikati ya dua. Wakangoja mlio upite, wakaendelea. Kisha akachomoa kle, akaifunga katika leso yake. Nikairudisha Butembo ndani ya sidiria, mahali ambapo hata mwizi angeona haya.

Jumamosi alasiri nikaichomeka. Niliifuata menyu kwa Kifaransa changu cha shule: Sauvegarder, kuhifadhi; Restaurer, kurudisha. Nikaogopa kukosea, maana neno la kwanza lingeandika juu ya kle na kufuta kila kitu. Nikabonyeza la pili, nikafumba macho. Nilipofumbua, kioo kilikuwa kimeandika MAMA.

Nilikaa chini nikalia. Hakuwa ameifuta. Nikaweka redio, maneno yakatoka makavu, safi, yakichoma. Nikamwangalia mama.

Hakuna kitu. Macho yake yalikuwa bado ukutani.

Nikaelewa. Spika ilikuwa juu ya kabati, imeelekezwa kwenye kiti chake, na yeye alikuwa kwenye mkeka, nyuma ya meza, kwa sababu mama mwenye kilio hakai kwenye kiti mpaka misa isomwe. Zile sauti nyembamba zilikuwa zinapita juu ya kichwa chake. Nikapiga magoti, nikapiga kelele sikioni mwake.

"Mama, kaa tu mu kiti! Mara moja tu!"

"Hapana."

"Utasikia!"

"Mutoto yangu iko mu udongo, mimi nipande ku kiti? Hapana."

Nilimchukia wakati ule, nasema kweli. Nimepita barabara ya Beni, na yeye ananipimia kimo cha kiti! Lakini nilijua pia kwamba akipanda kile kiti kabla ya misa hatajisamehe.

Jumapili asubuhi shangazi alikuja kunichukua. Mjane ana nafasi yake kwenye benchi la mbele. Nikamwambia siendi. Benchi likabaki wazi, na mpaka leo nasemwa. Walipoondoka nikasukuma meza, nikashusha spika ya katikati kwenye mkeka. Nyaya zilifika kwa shida. Ilitazama chini, kwa hiyo nikaiinua mdomo kwa kandambili ya marehemu, ikamkabili mama sikio la kushoto.

Kengele ililia. Mama akashtuka. Akauweka mkono wake juu ya spika, kama mtu anayeshika paji la mtoto mwenye homa. Padri akasalimia, akaanza kusoma majina ya wanaoombewa, na katikati yao akalitaja jina la mume wangu, lote, la ubatizo na lile tunalompa mvulana wa kwanza.

Mama akalirudia. Alilisema sawasawa, hakuna herufi iliyopotea.

"Bamemuita," akaniambia.

"Ndiyo, mama."

Nilidhani atataka kusikiliza misa yote. Aliondoa mkono kwenye spika, akavuta kitenge chake mabegani.

"Basi zima," akasema. "Sina kingine ya kusikia."

Nikazima kwa telekomandi. Kitaa chekundu kikabaki kinawaka, na shangazi aliporudi kutoka kanisani na kunyoosha mkono kwenye prizi, nikamshika.