Dawa Asiyoila Mwenyewe

Jirani yangu sokoni, Mama Achari, ana ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Kwake huchachusha kabeji na pilipili kwenye ndoo za maji ya chumvi, kisha huja kunadi: "Dawa ya tumbo! Dawa ya presha!" Tumbo sibishi, vyakula vilivyochacha huweza kulisaidia. Ugomvi wangu ulikuwa hiyo presha, maana kaka yangu, aliyekatazwa chumvi na daktari, alikuwa akila achari yake kama mboga.

Nilimfuata saa ya chakula, kaka yuko nyuma yangu na chupa ya achari aliyoinunua kwake.

"Dawa hii wewe unaitumia?" nikamuuliza.

"Kila siku, jirani! Hunioni nilivyonawiri?"

"Basi tia kijiko kimoja kwenye chakula chako, tuone."

Akalikumbatia bakuli lake la viazi vya kuchemsha. Kaka akamega kipande, akaonja. Hakikuwa na chumvi hata chembe.

"Usinitafute ubaya, jirani," akanong'ona. "Na mimi nina presha."

"Kumbe mganga hajigangi!" kaka akasema, akamrudishia chupa yake.

Siku hizi ananadi "achari tamu" basi. Nikimsalimia haitikii, nami sibembelezi.