Kopo la Milimita, Kopo la Inchi

Wiki iliyopita nilishuka katikati ya mji kununua vitambaa vya pazia, nikajikuta mbele ya geti la ile yadi iliyo nyuma ya maduka ya jumla. Geti lilikuwa wazi. Nikaingia bila kupiga hodi, kama mtu anayeingia kwao. Ndani hakuna kilichobaki, rafiki yangu. Wamepajaza vyumba vya kupangisha, na nguo za watoto zimeanikwa pale tulipokuwa tukiinua injini kwa mnyororo. Mlinzi akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu. Ilikuwa kweli, na iliniuma kuisema.

Zamani pale palikuwa na mafundi watupu. Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa injini, na jirani yake, Mtanzania mmoja mcheshi, alipiga rangi magari. Mama alisuka nywele saluni hadi jioni, kwa hiyo nikitoka shule sikuwa na pengine pa kwenda. Nilikuwa mtoto pekee nyumbani, na shuleni nilikuwa peke yangu zaidi, kwa sababu Kizulu changu kiliwachekesha wenzangu na Kiingereza changu kilinichekesha hata mimi. Yadi ndiyo iliyonipokea. Nilinunua magwinya ya moto getini, maandazi ya huku, nikakaa juu ya tairi, nikala huku kwaya ikijaribu nyimbo zake ghorofani, kwenye jengo bovu ambamo kanisa letu lilikodi ukumbi.

Papa alikuwa na gari lake mwenyewe, la kazi za jioni, baada ya magari ya wateja. Lilikuwa gari la Kiingereza la zamani, la kwenda porini, alilolikuta limetupwa shambani na kulivuta kwa kamba mpaka mjini. Alilitia injini ya Kijapani. Gari hilo lilikuwa la kwenda Lubumbashi kwa bibi, mama yake mzazi. Siku aliyomuaga bibi alipanda basi na mfuko mmoja, akamwahidi kwamba atarudi na motokari yake mwenyewe, amtembeze mtaa mzima, majirani waone. Bibi aliishika ahadi hiyo kwa mikono miwili. Kila Jumapili tulipompigia simu, salamu zilikuwa fupi.

“Mwanangu, motokari inafika wapi?”

“Iko karibu, mama. Inabakia kidogo.”

Na kweli ilibakia kidogo, lakini hicho kidogo ndicho kilichotutesa. Mwili wa gari ulikuwa wa inchi na injini ilikuwa ya milimita, na kila aliyewahi kulimiliki alikuwa ameliongezea bolti zake, zozote alizozipata. Hujui maana ya kuudhika mpaka ulale chali chini ya gari, vumbi machoni, mkono umenyooka mpaka mwisho, halafu nati igome. Bolti ya milimita nane na ile ya inchi inayokaribiana nayo ni mapacha kwa macho. Unaipachika, inazunguka mara mbili kwa upole kabisa, unafurahi, halafu inakaza. Mwenye haraka ataongeza nguvu, na hapo uzi wa bolti unakatika na kazi ya wiki nzima inaharibika. Na vichwa navyo ni hivyo hivyo: spana namba kumi na tatu inakivaa kichwa cha nusu inchi, inacheza kidogo tu, halafu inateleza na kuzila kona zake zote.

Papa hakuwa mtu wa matusi. Alitoka tu chini ya gari, akaishika ile bolti mbele ya jua na kuisema kama anayemsema mtoto. “Inaingia, lakini haiko yake.” Sheria yake ilikuwa vidole kwanza, spana baadaye. Kisichoingia kwa vidole, si chake.

Jumamosi kazi yangu ilikuwa kuzichambua. Papa alinivika shingoni kamba yenye nati mbili, moja ya kila ukoo, na mimi nikazijaribu bolti moja baada ya nyingine. Za milimita niliziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, za inchi kwenye kopo la rangi la jirani. Kulikuwa na makopo mengine kwa ukubwa mwingine, yamepangwa ukutani kwa utaratibu aliouelewa Papa peke yake. Wenzangu walicheza mpira barabarani. Mimi nilikuwa na kidole gumba cheusi na Papa anayeimba chini ya gari, na sikutaka kubadilishana na mtu.

Kisha ikaja simu kwamba bibi hali chakula. Mama alikuwa akikoroga bukari, ugali wa kwetu, akaacha mwiko ndani ya sufuria.

“Kamata basi ya Lubumbashi, uende leo. Mama yako hangojei motokari, anakungojea weye.”

“Nilitoka na mufuko moya,” Papa akasema. “Nirudie na mufuko moya?”

Mama akaushika tena mwiko. Nilimwona akimeza maneno, na mpaka leo natamani asingeyameza.

Papa aliamua kumaliza. Kulibaki kufunga gia boksi na vishikizo vyake, kazi ya siku chache kwa mtu mwenye bolti zake tayari. Habari ilifika kanisani, na kanisa letu halikujua kukaa na habari. Mchungaji akasema atakuja Jumapili baada ya ibada kuliombea gari kabla ya safari. Basi akina mama wa kanisa wakaona ni aibu mchungaji asimame kwenye yadi yenye mafuta na takataka. Jumamosi, wakati Papa na mimi tumekwenda Mama alikotutuma, kununua zawadi za bibi, wakashuka na mafagio, sabuni na mafuta ya taa.

Tuliporudi, yadi ilikuwa inang'aa. Walikuwa wamefagia hadi chini ya gari. Na ukutani hapakuwa na kopo hata moja. Bolti zote, za milimita na za inchi, kubwa kwa ndogo, walikuwa wamezimimina kwenye beseni moja kubwa na kuzisugua kwa mafuta ya taa mpaka zikameremeta kama vijiko vya harusi.

“Papa, tumepanga byote,” akasema mkubwa wao, jasho likimtiririka. “Angaria vile kunapendeza!”

“Eish, mama zangu,” jirani Mtanzania akasema taratibu, “mmetumaliza.”

Papa alilitazama beseni. Halafu akawatazama wale wanawake, waliotoka kusimama saluni na sokoni wiki nzima wakaja kumfagilia. “Aksanti sana, bamama,” akasema, na akawapa mkono mmoja mmoja.

Tukaanza upya, yeye upande huu wa beseni, mimi upande ule. Mchungaji aliomba, watu wakaimba, gari halikusogea. Tulikuwa bado tunachambua siku simu ilipolia, na Papa akaipokea na bolti mkononi. Bibi alikuwa amekwenda.

Alikwenda kumzika kwa basi, na mfuko mmoja. Nililia kwa ajili ya huo mfuko kuliko nilivyomlilia bibi, ambaye sikuwahi kumwona.

Aliporudi alilimaliza gari, bila kuimba. Liliwaka mara ya kwanza. Akaniambia nipande, tukashika barabara kuu ya kaskazini, tukapita Pretoria, injini ikinguruma vizuri kabisa, hakuna kilicholegea. Kwenye kituo cha mafuta akaegesha, akazima, akaweka mikono magotini.

“Motokari iko muzuri,” akasema. “Sasa nitaionyesha nani?”

Tukageuza. Baadaye alimwachia Mzambia aliyekuwa akirudi kwao, na gari likaenda kaskazini bila sisi. Yadi ikafungwa, jirani akarudi Tanga, kanisa likahama, na Mama akafuata ndugu zake Kanada. Watoto wangu wanaelewa Kiswahili lakini wananijibu kwa Kiingereza, na nikiwasimulia haya wananisikiliza kwa adabu, simu zikiwa mikononi.

Papa alifariki. Mwaka uliofuata nilinunua gari langu la kwanza jipya, la milimita tupu kuanzia mbele hadi nyuma. Siku nilipolitoa dukani nilizunguka nalo mjini mpaka mafuta yakakaribia kuisha, kwa sababu sikujua nisimame kwa nani.