Salamu Kutoka Mangweni

Shangazi yangu wa Kisauni aliniambia maneno mafupi. Nikitaka kuendelea kulala sebuleni kwake, niende kwenye kikao cha watu wanaoacha pombe, na nikifika huko niseme kitu.

"Si kwenda kukaa kama gunia la mkaa," alisema. "Useme. Nitakuuliza."

Alijua anasema na nani. Mimi, hata kinyozi akininyoa vibaya, humwambia ahsante.

Sasa kikao chenyewe kiko wapi? Hapo ndipo nilipokwama. Ukimuuliza jirani njia ya kwenda kuacha pombe, kabla ya adhuhuri mtaa mzima umejua kwamba ulikuwa ukinywa. Kumbe mtaa mzima ulikuwa unajua zamani, ila mimi sikujua kwamba wanajua. Mtu pekee niliyeweza kumuuliza bila haya ni mama wa mangweni, pale tulipokuwa tukinywa mnazi, kwa sababu yeye hangeshangaa. Nilisimama nje ya ua wake wa makuti.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, babangu. Mbona umesimama huko kama mtu aliyekuja kudai kodi? Ingia!"

"Siingii, Mama. Natafuta kile kikao... cha wanaoacha."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Wateja wangu wote wako huko! Nenda Frere Town, ile chekechea iliyo nyuma ya kanisa, Jumamosi asubuhi. Wamenikimbia, hata kuniaga hawakuniaga. Ukifika, nisalimie yule mzee aliyekuwa kuli bandarini. Nisalimie fundi cherehani. Na yule mama muuza viazi karai, mwambie nakumbuka anavyoimba. Haya, nenda. Na usinirudie hapa."

Salamu kwetu Pwani ni amana. Ukipewa lazima uzifikishe, la sivyo umekula cha mtu. Jumamosi ilipofika, njia nzima nilikuwa nikizirudia midomoni nisije nikamsahau mmoja.

Niliwakuta wamekaa kwenye viti vya watoto wa chekechea, magoti yamefika masikioni. Ukutani kulikuwa na picha ya bata. Kiongozi alikuwa yule yule mzee wa bandarini, na kwa ukubwa wa mwili wake kiti hakikuonekana kabisa. Ungedhani amechuchumaa.

"Karibu, kijana," alisema. "Hapa halazimishwi mtu. Ukiwa na neno, sema."

Neno langu mwenyewe sikuwa nalo, lakini la amana nilikuwa nalo. Nikasimama, nikamkazia macho yule bata, nikasema yote kwa pumzi moja.

"Mama wa mangweni anawasalimu. Wewe mzee, na fundi cherehani, na mama wa viazi karai, anasema anakumbuka unavyoimba."

Mama wa viazi akaweka mkono kifuani. "Jamani! Amesema hivyo? Na mguu wake umepona?"

"Na mimi?" aliuliza bwana mmoja mwembamba, mchuuzi wa madafu. "Mimi alinisemaje?"

"Wewe... hakukutaja."

"Hakunitaja! Wallahi? Yale makuti ya pale nimeyaezeka mimi kwa mikono yangu!"

"Labda amesahau," fundi alisema.

"Akukumbuke wewe, anisahau mimi? Naenda kumuuliza sasa hivi." Akainuka, na kiti kikainuka naye, kimemnasa makalioni.

"Kaa chini!" mzee alinguruma. Kisha akajikuna kidevu. "Lakini ni kweli, salamu haziachwi hivi hivi. Zinajibiwa."

"Zinajibiwa, eeh," wakaitikia, na nikaona macho yao yanaanza kung'aa. Fundi akasema twende sote tukamjibu, kusalimia si kunywa. Mama wa viazi alikuwa ameshajifunga leso upya, yuko tayari kwa safari.

"Sote hatuendi," mzee akaamua. "Atakwenda aliyezileta."

Wote wakanigeukia, wakinibembeleza. Ni dakika chache tu, kijana. Ingia, sema, toka. Lakini mimi nilikuwa nimeshaiona mboko, kile kibuyu cha kunywea, imejaa mnazi na povu lake, mrija umesimama ndani. Harufu ilinijia pale pale chekechea. Na mtu mzima akikutuma, hukatai.

"Siendi," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Nikienda nitakunywa. Sitarudi leo wala kesho."

Nilingoja nigombezwe. Aliyejibu ni mchuuzi wa madafu, polepole, kiti kikiwa bado kimemnasa.

"Hata mimi," alisema. "Sikuwa naenda kumuuliza kitu."

"Mimi nilishachagua wimbo," alisema mama wa viazi.

Mzee akajipangusa uso kwa kofia yake. "Na mimi ndiye kiongozi," alisema, na hapo wakacheka mpaka viti vikalia. Kisha fundi na mimi tukashika kile kiti, tukavuta, mchuuzi akitukana, mpaka kikamwachia.

Nilipofika nyumbani shangazi alikuwa anakuna nazi.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Ulisema nini?"

"Mzee alinituma nipeleke salamu, nikakataa."

Mkono wake ukasimama. "Umemkatalia mtu mzima? Salamu? Ukoo wetu haujapata kuzaa mtu asiye na adabu kama wewe!"

Nikamweleza salamu zilikuwa za kwenda wapi. Akaendelea kukuna nazi.

"Jumamosi ijayo uwahi," alisema. "Na hilo godoro lako lianike juani. Kama utalala hapa, usinilalie na kunguni."