Unga wa Kuitia Visamaki

Asubuhi hiyo mke wangu alikuwa kanisani. Nilichota bakuli la unga wa muhogo aliomwekea dada yake, nikaukanda na dagaa waliooza, nikautupa majini kandokando ya matete ya ziwa, hapa Nchelenge. Visamaki vilikuja kwa wingi. Nikavinasa kwa kipande cha chandarua, nikaviweka hai ndani ya ndoo, nikaenda navyo kwenye kina cha maji viwe chambo.

Niliporudi na kambale mkubwa, dada yake alikuwa ameshafika kutoka ng'ambo, Kongo, pamoja na watoto. Bukari, ugali wa unga wa muhogo uliobaki, haikuwatosha. Mke wangu alisema ameshiba, ingawa sahani yake ilikuwa kavu.

"Shemeji, Mungu akubariki," mgeni aliniambia alipomwona samaki. "Banaume kama weye beko kidogo, ni wachache sana."

Nilishindwa kumtazama. Nikamfuata mke wangu jikoni.

"Ile unga, ni mimi. Nilitupia samaki mu maji."

"Nilijua. Mikono yako inanuka."

Jioni alinipakulia kipande cha kambale kinono kuliko vyote, mbele ya wageni. Nilikila kwa shida, nikiwa nimeinamisha kichwa.