Kiroba cha Mawe Badala ya Kioo

Ilinipasa kukikataa kile kiroba. Naanza na hilo kwa sababu mengine mengi katika habari hii hunifurahisha kuyasimulia, na nisipolitanguliza nitalikwepa, kama nilivyolikwepa kwa muda mrefu. Mwaka juzi, kwenye barabara ya vumbi itokayo Masumbwe kwenda machimboni, mtu alinivunjia kioo cha mbele cha pikapu yangu, akaniomba nipokee kiroba cha mawe ya dhahabu tumalizane palepale. Nikakipokea. Wakati huo nilikuwa na bima kubwa, na aliyenikatia bima hiyo ni binti yangu wa kuzaa.

Binti huyu ni kitinda mimba wangu. Alikuwa wakala wa bima pale Masumbwe, kwenye chumba kimoja kati ya duka la vipuri na saluni, na hapakuwa na mwanamke aliyefungua ofisi kwenye mtaa ule kabla yake. Alikuwa na meza, mashine ya kuchapia na viti vinne vya plastiki. Madereva wa bodaboda walikuja kukata bima ndogo na wakaondoka wanaelewa wamenunua nini, maana aliwaeleza bila kuwadharau: bima ndogo inamlipa uliyemgonga, bima kubwa inakutazama na wewe. Mimi niliishia kidato cha nne, nikafanya ukarani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Shinyanga hadi nikastaafu. Miaka yote hiyo hakuna aliyenisalimia kwa sababu ya kazi yangu. Lakini nikipita sokoni Masumbwe nilisikia salamu ya Kisukuma, "Mwadila, baba wa bima!" nami nikaitikia kwa sauti ili na wa duka la pili wasikie.

Alipoanza kazi nilikuwa mteja wake wa kwanza. Nilitaka bima ndogo, nikapite trafiki tu.

"Hapana, baba," alisema. "Mteja wangu wa kwanza hawezi kuwa mtu wa kupita trafiki."

Nikakata kubwa.

Siku ya kiroba nilikuwa nimebeba mchele kutoka Kahama, naupeleka kwa mama mmoja anayewapikia wachimbaji. Mbele yangu kulikuwa na lori lililojaa mawe ya kwenda kusagwa. Likaingia kwenye shimo, jiwe likaruka. Kioo hakikumwagika. Kilipasuka kutoka upande wangu hadi kona ya pili, na katikati pakabaki doa jeupe kama jicho la samaki aliyepikwa. Dereva, ambaye ndiye mwenye lori, alisimama na kuja mbio, ameshika kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Umeona ulichofanya?"

"Nimeona. Jiwe halina breki, mzee."

Nikajizuia kucheka. "Twende kwa trafiki tukaandikishe. Nina bima kubwa."

"Twende, sikatai. Ila tukifika pale lori langu litalala kituoni, na mchele wako utalala. Halafu watu wa bima watakwambia njoo kesho, njoo keshokutwa. Mimi nauli yangu nalipwa kwa mawe. Chukua kiroba kimoja katika mgawo wangu. Haya yametoka kwenye duara linalotema."

Duara ni shimo la dhahabu, na likitema maana yake limetoa. Mgeni angemshangaa mtu yule, lakini kwetu huku halikuwa jambo la ajabu. Machimboni kinyozi hulipwa kwa mawe, mama wa chakula hulipwa kwa mawe, hata kodi ya chumba hulipwa kwa mawe. Nilikuwa nimewacheka walimu na makarani wenzangu walioacha vitabu wakaenda kushika sururu. Mimi nilijiona nimepona ugonjwa huo.

Nikakiinua kile kiroba. Hapo ndipo nilipoponzwa na kazi yangu mwenyewe. Kwa miaka mingi nilijua uzito wa robota la pamba kabla halijapanda kwenye mizani, na watu walikuwa wakinijaribu kwa kunitania, nikawashinda. Kiroba kile kilikuwa kizito kuliko ukubwa wake. Mikono yangu ikaniambia kuna kitu ndani, nami nikaiamini. Tukapeana mikono, yule bwana akaenda zake.

Nilikipeleka karasha, kwenye mashine za kusagia mawe, nikangoja zamu siku mbili. Mwenye karasha alisaga, akaosha, akachoma zebaki, kisha akaninyooshea kipande cha karatasi. Juu yake palikuwa na kitu mfano wa punje ya uwele.

"Hiki nini?" nikamuuliza.

"Dhahabu yako, mzee."

"Yote?"

"Kilichobaki kilikuwa jiwe."

Vijana waliokuwa kwenye foleni walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mchanga uliobaki ulikuwa wa mwenye karasha, ndiyo desturi, na punje yangu haikutosha hata kununua mpira wa kuzungushia kioo.

Bado nilikuwa na njia safi. Nilikwenda kwa fundi wa vioo Kahama, akanitajia bei, na ile bei nilikuwa nayo, nimetoka kuuza mchele. Ningelipa mfukoni nikanyamaza, jambo lingeishia pale. Lakini niliona uchungu kulipia kioo wakati nimeshalipia bima. Nikageuza gari, nikaenda kwa binti yangu.

Alitoka nje akaizunguka pikapu, akaipiga picha kila upande kabla hajaniuliza lolote. Alifanya hivyo kwa kila mteja, hakunipunguzia mimi. Ndani akachukua fomu.

"Nani kakupiga jiwe, baba?"

"Lori. Lilipita tu."

"Namba zake?"

"Vumbi."

"Hukuongea na dereva?"

"Niongee na vumbi, mayu?" Mayu ni mama, sisi Wasukuma huwaita hivyo mabinti zetu tukiwapenda.

Akacheka. Akanieleza kwamba kioo kina fungu lake ndani ya bima kubwa, kwamba nafuu yangu ya kutodai kwa miaka yote ile haitaguswa, na kwamba nitakwenda kwa trafiki kuandikisha maelezo. Kisha akanisomea swali la mwisho: je, umepokea malipo au fidia yoyote kutoka kwa aliyesababisha hasara?

"Nipokee nini, na nimekwambia sikumwona?"

Akaandika hapana. Akasaini chini, kama wakala.

Kioo kipya kilikuja, safi. Nilipita nacho sokoni taratibu kuliko ilivyohitajika, nikiwaambia watu, "Nendeni kwa binti yangu, mjionee bima inavyolipa." Walikwenda. Nadhani hakuna aliyemletea wateja wa bima kubwa kuliko mimi mwaka ule, na kwa kila mmoja niliyempeleka nilijisikia nimeongezeka kimo.

Mmoja aliyeisikia sifa hiyo alikuwa yule mwenye lori. Nilikuwa nimekaa ofisini kwa binti yangu, nasoma gazeti, akaingia.

"Mzee wangu! Shikamoo! Vipi, kile kiroba kilitema?"

Nikaficha uso gazetini. Binti yangu akauliza kwa upole, "Kiroba gani, kaka?"

"Hujui? Nilimvunjia kioo huyu mzee, nikampa kiroba cha mawe, tukapeana mikono. Muungwana sana! Mwingine angenitoa roho."

Binti yangu hakubadilika uso. Alimhudumia mpaka mwisho, akamchapia karatasi zake, akamwonyesha jinsi trafiki atakavyoiona bima yake kwenye simu, akamsindikiza mlangoni. Aliporudi alibaki amesimama.

"Baba."

"Mayu."

"Ulipokea."

"Kilitoa punje tu."

"Sikuulizi kilitoa nini."

Nikamwambia yule bwana hajui lolote kuhusu fomu, kampuni iko mbali, nani atajua? Nasikia aibu kuliandika hili, lakini nilimwambia hivyo, mimi baba yake.

"Mimi najua," alisema. "Na jina langu ndilo lililo chini ya ile karatasi."

Aliandika barua saa ileile. Alinipa niisome kabla ya kuituma, kwa kuwa nilikuwemo. Sikuitwa mwongo ndani yake. Iliandikwa: mteja, ambaye ni baba yangu mzazi, alimalizana na mwenye lori kabla ya kudai, nami nilijaza fomu bila kumchunguza kwa sababu ni baba yangu. Katika ukarani wangu nimepitisha barua nyingi za mameneja na wakaguzi. Sikuwahi kushika iliyonyooka kama ile. Nilikuwa nimekosa, nimefedheheka, na bado nilikuwa najivuna kwamba mtu aliyeiandika amekulia nyumbani kwangu. Nikaweka saini yangu chini ya yake.

Kampuni ilitaka irudishiwe gharama ya kioo, nikauza ng'ombe nikairudisha. Hilo halinisumbui. Binti yangu sasa yuko Kahama, anauza mchele wa jumla, na wanunuzi wanasema mizani yake haiwatii wasiwasi. Wakisema hivyo nami nipo, hunyoosha mgongo.

Lakini kiroba kile kilimnyang'anya uwakala alioujenga kwa miaka minne, na hadi leo hajarudishiwa. Nami kilininyang'anya neno langu kwake. Ananisalimia shikamoo kama zamani, ananinunulia dawa, ananipigia kila Jumapili. Ila nikimwambia jambo, hata kama ni kwamba huku kwetu mvua imenyesha, hupiga simu kwa jirani kuuliza.